Mwaka wa Kutomtaja

Willow Landing, 14 Aprili 2023

Mwanangu Raylene,

Mchunguzi wa vifo wa kaunti alisema jana asubuhi kwamba mwili uliotolewa mtoni Jumanne, chini ya daraja la reli, ni wa mdogo wako. Alimtambua kwa meno. Najua baba yako alikwisha kukupigia, lakini kwenye simu mtu husikia nusu, na nusu nyingine huijaza mwenyewe. Kwa hiyo naandika.

Salamu zimechelewa, nisamehe. Tupo. Baba yako anakunywa mchuzi ukimsimamia, usipomsimamia anaumwaga. Bibi ameondoa picha zote ukutani, pamoja na ile ya timu, akazifunga ndani ya blanketi na kuziweka chini ya kitanda. Mizizi imeshatoka huko milimani na wanawake wamekwenda kuchimba. Sisi hatuendi. Mpaka tuanue matanga mwakani, mikono yetu haigusi chakula cha porini. Majirani watatuletea.

Mazishi ni Jumapili alfajiri, kwenye nyumba ndefu ya ibada. Mzee Orville ataongoza nyimbo.

Sasa neno lenyewe. Nimeupitia ukurasa wako wa mtandaoni kuanzia mwanzo. Kila nikigusa simu mdogo wako anarusha mpira wa kikapu, anacheka, anafunga kamba za viatu. Jina lake liko juu na chini. Tangu alipopotea Machi sikukuzuia, maana mtu aliyepotea huitwa arudi. Huyu sasa si wa kurudi. Unajua desturi: mwaka mzima jina halitajwi na picha hazionekani, ili aweze kwenda. Naomba uzishushe. Uniandikie kwamba umezishusha.

Natumia karatasi makusudi. Nikikuandikia kwenye simu, kesho utakuta maneno yangu yamepigwa picha na kusambazwa, na mimi ni mwandishi wa gazeti la kabila. Neno langu likitembea huwa tamko.

Shangazi yako,
Vesta


Phoenix, 26 Aprili 2023

Shikamoo, Shangazi.

Barua yako ilifika mazishi yameshapita. Mimi mzima. Joto limeanza huku, na kazi ni ile ile, kuwafunga watu kwenye mashine za kusafisha damu na kuwasikiliza wakilalamikia chumvi. Nakula sana siku hizi, msihofu. Msalimie Bibi. Baba sijui kama atapokea salamu zangu. Nilipomwambia siji alikata simu. Usiniulize kwa nini sikuja.

Kuhusu ukurasa, jibu langu ni hapana.

Nisikilize kabla hujakunja uso. Unakumbuka ulivyoanza? Mimi na Kalista tulikuwa tunarekodi sauti ya Bibi kule juu kabisa kwenye viti, akimwambia refa, "Wewe kijana, unahitaji miwani, na unahitaji mama." Watu wakapenda. Tukawa tunaweka matokeo, tunabishana nani anazuia vizuri na nani mvivu wa kurudi nyuma. Kisha nikaandika kwa nini wasichana wetu wanapewa ukumbi saa ambazo wavulana hawautaki. Kisha nikaandika kwamba zamani wanawake ndio waliosema lini chakula kitoke ardhini, na hakuna mwanamume aliyegusa mpaka wao wamegusa. Kwamba waliochukua ardhi hawakuishia kwenye ardhi. Kalista alikuwa anasoma kwanza, anafuta nusu. "Dada, hapa unahubiri. Rudisha mpira." Ndiyo maana watu walisoma. Leo wako wanawake wa Kimaori, wa Kimapuche, wa Kisami, wazawa wa ardhi zao kama sisi, hawajawahi kutia mguu bondeni kwetu, na wamejichora namba ya jezi yake, kumi na mbili, mkononi kwa ajili yake.

Shangazi, hao wa kaunti hawakumtafuta mpaka jina lake lilipowachosha masikio. Wiki tatu waliniambia labda ametoroka na mvulana. Jina ndiyo silaha pekee tuliyo nayo, na wewe unaniambia niiweke chini ya kitanda pamoja na picha.

Josie, yule mdogo anayegawa mipira kwenye timu, ameniandikia. Alimwona Kalista akipanda pikapu nyeupe ya Kocha Dwayne baada ya ile nusu fainali. Wewe unajua. Kila mtu huko anajua. Umeandika nini gazetini?

Mwanao,
Raylene


Willow Landing, 12 Mei 2023

Mwanangu,

Baba yako anakula. Paka wa jirani amezaa kwenye buti lake na amekataa kumfukuza, nadhani inamsaidia. Samaki wa kwanza wa samoni wamepanda mto. Tuliletewa kipande na jirani, kama inavyopasa.

Mazishi yalikwenda vizuri. Wasichana wa timu walikuja na jezi chini ya mashali. Mzee Orville aliimba bila kutetereka. Kocha unayemtaja alikuwepo, alibeba upande mmoja wa jeneza. Ni mpwa wake Orville, usisahau hilo.

Umeuliza nimeandika nini. Nimeandika kwamba binti wa miaka kumi na tisa, aliyechezea timu yetu na baadaye akawa anaisaidia mazoezini, alikutwa mtoni na uchunguzi unaendelea. Nilichonacho ni kwamba alipanda gari. Hapo mbele sina kitu. Josie amekwisha kwenda kwa mpelelezi wa kaunti, Sajini Trask, mama yake alimpeleka. Ukimtaja mtu huyo kwenye ukurasa sasa, wakili wake atasema msichana amekariri aliyoyasoma kwako. Tafadhali acha.

Hilo ni la kazi yangu. Lingine ni la nyumbani. Juzi Bibi alikuwa dukani, mtoto wa Charlene akamwambia, "Bibi, leo nimemwona fulani kwenye simu, amefunga pointi tatu," akalitaja jina zima. Bibi aliweka kikapu chini akatoka bila kununua kitu. Alikaa kwenye gari hadi nilipokuja kumchukua. Akaniambia hivi, nakupa kama alivyosema:

"Mwambie Raylene anamshika mwenzake sketi. Kila mara mtoto anainuka aende, anavutwa."

Nikamwambia, "Mama, anapigania haki yake."

"Na apiganie. Aachie sketi."

Tangu siku hiyo halali kitandani mwake. Anasema anasikia mtu akizunguka nje ya nyumba na mpira.

Vesta


Phoenix, 30 Mei 2023

Shikamoo, Shangazi.

Nimezishusha. Zote, na jina. Ilinichukua siku nzima, maana kila picha ilinitaka nithibitishe.

Nimeweka maneno mafupi kwamba familia imeomba kimya hadi Aprili. Sikueleza zaidi. Ningeelezaje bila kumtaja? Mambo yakaanza. "Wamekulipa shilingi ngapi?" Huyo hata dola hazijui. Mwingine: "Mtetezi wa wanawake anayemwogopa bibi yake." Nikamjibu, ndiyo, namwogopa, na wewe ungemwogopa, hujawahi kukaa naye kwenye mchezo. Walicheka kidogo, kisha wakaondoka maelfu. Wengine wamenitumia maneno ambayo sitayaandika kwenye karatasi inayoingia nyumbani kwenu.

Michezo siwezi kuandika. Nimejaribu. Fainali za ligi ya wanawake zikija nitawaachia wengine.

Mwambie Bibi nimeachia sketi. Mwambie hivyo hivyo.

Sitaandika kwa muda. Si hasira.

Raylene


Willow Landing, 9 Novemba 2023

Mwanangu Raylene,

Sajini Trask aliniambia Jumatatu, ofisini kwake, kwamba faili la mdogo wako lilifungwa mwezi Septemba. Sababu ya kifo: kuzama kwa ajali. Hakuna aliyeijulisha familia.

Nakusalimu baada ya hilo. Bibi ana kikohozi lakini amelala kitandani mwake majira yote ya kiangazi. Baba yako amerudi kazini kwenye kituo cha kuzalishia samaki. Theluji imeshuka mara moja ikayeyuka.

Nilikwenda mwenyewe kwa sababu miezi ilipita na hakuna aliyetuita. Nilimwomba anieleze, naye alieleza bila ubaya, nadhani anajiona mtu wa haki. Nakuandikia mazungumzo kutoka kwenye maandishi yangu.

Alisema, "Mama, ninyi mliacha kuuliza. Mwezi Machi simu yangu haikupumua. Juni, kimya. Hata ukurasa wa dada yake ukafutwa. Picha zimetoka, jina limetoka. Tukaona familia imekubali yaliyotokea."

Nikamuuliza kuhusu shahidi.

"Yule msichana mdogo? Nilimuuliza mara tatu, ulimwona nani akipanda lile gari? Mara ya kwanza akasema 'rafiki yetu.' Ya pili 'yule dada.' Ya tatu 'namba kumi na mbili.' Nikamwonyesha picha, akageuza uso ukutani. Mama yake amekaa pembeni, hasemi kitu. Mahakamani namba si mtu. Nikaandika kwamba shahidi ameshindwa kumtambua marehemu."

"Hakushindwa," nikamwambia.

"Basi alimwona nani?"

Raylene, nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile nusu saa nikimuuliza habari za "binti yetu," na "marehemu," na "yule wa mtoni." Alinitazama akisubiri. Sikulitaja. Nilimweleza desturi, akaandika neno moja kwenye karatasi na kusema afadhali angeambiwa mwezi Aprili. Kisha akasema faili hufunguliwa tena pakiwa na ushahidi mpya.

La mwisho. Kocha mkuu wa zamani amestaafu kwa sababu ya goti. Kamati ya shule imemteua msaidizi wake kuwa kocha mkuu, Dwayne. Mazoezi yameanza wiki hii. Wasichana wa mbali anawarudisha majumbani kwa gari lake.

Sijamwambia Bibi. Bado natafakari.

Na kuna hili. Baba yako anasema alipokupigia mwezi uliopita alisikia mtoto mchanga akilia, nawe ukasema ni wa jirani. Mimi nimehesabu kurudi nyuma hadi Aprili. Sikuulizi.

Vesta


Phoenix, 20 Novemba 2023

Shangazi,

Ni wangu. Msichana, ana wiki saba, ana hasira za Bibi. Baba yake ni mtu mwema na tunaishi pamoja, jina lake Efrén, utamsikia akicheka kabla hujamwona.

Ndiyo, ndiyo sababu sikuja. Mwenye mimba hatazami maiti, ulinifundisha wewe. Ungeuliza kwa nini sikusema hivyo tu. Kwa sababu mngefurahi. Wiki ile ile mngepiga simu mkifurahi, na sikutaka mtu yeyote afurahi. Sasa umejua, waambie.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni nikashindwa kukaa. Nilitii, Shangazi. Nilivua kila kitu ili aende zake, na mtu wa kaunti akahesabu heshima yetu kuwa ni kutojali. Wale walionitukana mwezi Mei, waliosema nimenunuliwa, walikuwa wajinga kuhusu mimi, lakini kuhusu faili walikuwa sahihi. Nimekukasirikia siku nne. Siku ya tano nimemfikiria Josie na uso wake ukutani. Ana miaka kumi na sita. Alishika mwiko mbele ya polisi peke yake, na hakuna mtu mzima aliyemwambia polisi anachoona ni nini. Mimi na wewe, tunaoandika kwa watu maisha yetu yote.

Hawa wasichana wanapanda gari lake sasa hivi ninapoandika.

Picha ninazo. Jina ninalo. Mapema mwezi huu wanawake wa Kimapuche waliniuliza kama bado nipo. Naweza kuweka kila kitu leo, na kesho simu ya Trask haitapumua tena. Kidole kiko juu ya kitufe, na sikibonyezi, kwa sababu ya Bibi. Nataka asikie kutoka kwako, si kutoka kwa mtoto wa Charlene. Mwambie yote. Akisema hapana, sijui nitafanya nini. Usimfiche hilo pia.

Raylene


Willow Landing, 4 Desemba 2023

Mwanangu Raylene,

Bibi aliamua Jumamosi. Tutaanua matanga sasa, bila kungoja Aprili.

Salamu kwanza, nimejifunza. Baba yako amepata habari za mjukuu. Alitoka nje akapasua kuni zinazotosha hadi masika, kisha akauliza Efrén anakula samaki gani. Kikohozi cha Bibi kipo. Sisi wengine ni wazima.

Nilimsomea barua zote mbili, nakala ya yangu na yako. Aliniomba nirudie sehemu ya Josie. Kisha akavaa koti, akasema twende kwa Orville.

Mzee alitukaribisha kahawa. Bibi hakuigusa. Alimwambia anataka kumwachilia mtoto aende kabla ya mwisho wa mwezi.

Mzee akasema, "Dada, mwaka ni mwaka. Mimi sikuutunga."

"Mwaka ni wa marehemu. Hawa walio hai wanapanda gari la mpwa wako kila jioni."

Mke wa Mzee alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Mzee akasema, "Una uhakika na unachosema?"

"Sina. Nataka aulizwe. Hataulizwa mpaka Josie aseme alimwona nani, na Josie hasemi mpaka mimi nimesema."

"Unaniomba niimbe ili damu yangu ikamatwe."

"Nakuomba usizuie."

Nilidhani atatufukuza. Alisema, "Sitaimba. Wanangu hawatapiga ngoma. Lakini nyumba ndefu si yangu, na mlango sitaufunga." Kisha akamgeukia mke wake. "Mpe dada blanketi mbili." Mke wake alileta nne.

Unajua tulivyo maskini wa vitu mwezi huu. Shughuli kama hii hukusanyiwa mwaka mzima, blanketi, mashali, vikapu, ili kila aliyebeba msiba nasi asiondoke mikono mitupu. Sisi tuna wiki mbili. Bibi ameanza kukunja za kwake, hata zile za kitandani. Nilipomwambia watu wataona aibu kwa niaba yetu, alisema waone. Waimbaji watatoka ng'ambo ya mto, wamekubali. Ukoo wa Orville hautakuja, na wale wanaowategemea hawatakuja. Charlene tayari amenipita posta bila salamu. Jana mtu aliandika kwenye vumbi la gari langu neno la kunitaka nihame.

Nimekwenda shuleni pia. Nilimwomba mwenyekiti wa kamati amweke kocha pembeni mpaka shahidi asikilizwe. Aliniambia, "Vesta, faili limefungwa. Unataka nimfukuze mtu kwa uvumi wa dukani?" Nikamuuliza kama naweza kumnukuu. Akasema nitoke.

Mpango ni huu, usiongeze na usipunguze.

Jumamosi tarehe 16, jua likichomoza, tunaanza. Baada ya nyimbo Bibi atatoa picha kwenye blanketi na kulitaja jina, yeye kwanza, kisha baba yako, kisha mimi, kisha Josie. Josie amekubali. Mama yake ameniambia, "Nilimwona mwanangu akigeukia ukuta nikajivunia. Mungu anisamehe." Njoo na mtoto. Siku ya kuanua hakuna mwiko juu yake. Adhuhuri nitakupa ishara, ndipo ufungue ukurasa wako, picha na jina na namba na kila ulichoandika kuhusu ardhi na wanawake, wala usirudishe mpira. Kabla ya adhuhuri, hapana.

Gazeti linatoka Jumatatu. Ukurasa wa kwanza ni wangu, nimeuandika tayari, nimeacha nafasi ya jina.

Jumanne tarehe 19, saa tatu asubuhi, mwendesha mashtaka wa kaunti ametupa nusu saa. Trask atakuwepo. Josie ataulizwa tena alimwona nani. Siahidi kwamba kitu kitafuata. Nimeripoti kesi za mto ule tangu ujana wangu na nyingi hazikufuatwa na kitu. Nakuambia ili usije na matumaini makubwa kuliko mkoba wa mtoto.

Lakini kabla ya hapo kuna Ijumaa tarehe 15. Ni mchezo wa kwanza, ugenini, mwendo wa saa mbili, na anayeendesha gari la timu ni kocha. Mama watatu wamewazuia binti zao. Waliobaki wanakwenda, kwa kuwa wamengoja mwaka mzima kucheza, na kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwa sauti. Desturi haimruhusu Bibi kukaa mchezoni wakati wa msiba. Amesema hatakwenda mchezoni, atakwenda safarini, na wakicheza atakaa ndani ya gari. Nimempigia mwenyekiti kumjulisha. Safari hii hakusema nitoke.

Gari linaondoka shuleni saa tisa alasiri. Bibi atakaa kiti cha mbele, karibu na dereva.

Shangazi yako,
Vesta